Maharage Mfukoni: Namna ya Kubishania Mchezaji wa Chuo Bila Kuvunja Kikao

Mimi nauza mchele wa Kyela soko la Mwanjelwa, na huu ni mwaka wa saba nikiwa mweka hazina wa timu yetu ya mtaa. Timu imepanda, ikashuka, ikapanda tena, sasa tupo ligi ya mkoa. Kazi ya mweka hazina ni kukataa. Watu wanaleta majina, mimi nauliza nauli inatoka wapi. Nimekaa vikao vingi vya usajili, na nimeona kamati ya watu tisa, wote na akili zao timamu, wakigombana mpaka saa sita usiku juu ya kijana wa mwaka wa pili ambaye nusu yao hawajawahi kumwona akigusa mpira.

Ninayoandika hapa yanawahusu wenye timu kama yetu: fedha ya kung'oa mchezaji kwa jirani hamna, mtu wa kuzunguka kutafuta vipaji hamna, lakini vyuo vimewazunguka kila upande. Hapa Mbeya tuna MUST kule Iyunga, tuna TEKU, tuna Mzumbe, tuna chuo cha kilimo Uyole, na ukipanda gari la Tukuyu unakikuta Chuo cha Ualimu Mpuguso. Wenzetu wa Iringa wana Mkwawa, wana Chuo Kikuu cha Iringa, wana RUCU. Vijana wapo tele. Kazi ipo kwenye kuwajadili.

Maswali matatu yanayovaa jezi moja

Kikao chetu kinafanyika nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la mwenyekiti, tunakaa juu ya mifuko ya saruji. Mwaka tuliogombana kuliko yote, jina lililoletwa lilikuwa la winga mmoja wa kulia, mwanafunzi, mwepesi kama swala. Kocha akasema huyu ni fundi, hakuna wa kulinganisha naye mkoa huu. Mzee wa kamati ya ufundi akasema winga tunao watatu na wote wanakaa benchi kwa zamu, tunamtaka wa nini? Katibu akasema mnajisumbua, yule keshaongea na watu wa Tunduma. Walipigizana kelele saa mbili nzima, mpaka mlinzi wa duka akachungulia kuona kama kuna usalama.

Nilikuwa nimenyamaza, nahesabu risiti. Baadaye ndipo nikang'amua kwamba wote watatu walikuwa sahihi. Kocha alikuwa anajibu swali la "nani anaujua mpira zaidi?" Mzee alikuwa anajibu "nani anatufaa?" Katibu alikuwa anajibu "nani tutampata?" Ni maswali matatu, na mtu akijibu moja anadhani mwenzake anampinga kwenye hilohilo. Tangu siku hiyo mimi ndiye ninayegonga meza, au tuseme ninayegonga mfuko wa saruji: leo tunajibu swali lipi? Tukimaliza hilo tunakwenda la pili. Hatuchanganyi.

Mpangilio wenyewe sikuubuni. Nilipewa na mtoto wa kaka yangu, anayekaa kwangu, Soweto ya hapa Mbeya, na ambaye ana ugonjwa wa kupenda ile futiboli ya Wamarekani, ya kukimbia na mpira mikononi na kofia ngumu kichwani. Usiku mmoja wa mwishoni mwa Aprili aliniamsha saa tisa. "Shangazi, njoo uone drafti." Nikamwuliza drafti gani ya saa tisa usiku, wanacheza na vizibo vya soda au kete za kununua? Akacheka mpaka akakaa chini.

Kumbe kwa wenzetu drafti ni siku ya kugawana wachezaji wanaotoka vyuoni. Ligi yao, NFL, ina timu 32. Uchaguzi una raundi saba, na aliyeshika mkia msimu uliopita ndiye anayechagua wa kwanza. Ukishachaguliwa na timu fulani, ndiyo hiyo utakayozungumza nayo mkataba, huwezi kukimbilia nyingine kwa sababu jezi yake inakupendeza. Kwao kule ilikuwa bado jioni ya Alhamisi, saa mbili usiku. Mimi nilikuwa nimejifunga blanketi, baridi ya Mbeya mwisho wa masika mnaijua, naangalia watu waliovaa suti wakibishania kijana wa miaka 21 kama tunavyobishana sisi, ila wao wana ubao. Kila timu imeshapanga majina yake kwenye ubao wiki nyingi kabla, wa kwanza mpaka wa mwisho. Siku yenyewe hakuna kubishana upya. Jina la juu likichukuliwa, wanashuka kwa linalofuata.

Hilo la ubao nilikwenda nalo kwenye kikao kilichofuata. Drafti kama ile hapa kwetu haipo, mchezaji anasaini anakotaka, na mwenye nauli ndiye anayechagua wa kwanza. Lakini ubao hauhitaji fedha. Sisi tunatumia upande wa nyuma wa kalenda ya mwaka uliopita.

Kabla ya jina, andika kazi

Anzeni na mapengo. Na pengo msiliandike kwa namba. Ukiandika "namba sita", kila mtu anamfikiria kiungo mkabaji wa timu anayoshabikia, mmoja Simba, mwingine Yanga, na tayari mmeachana njia. Andika kazi. Kwetu msimu ule tuliandika hivi: "Mtu wa kusimama mbele ya mabeki uwanja ukiwa tope, anayeweza kupiga pasi ndefu kwa mguu wa kulia bila kugeuka kwanza." Sentensi ndefu, lakini iliua majina manne papo hapo bila ugomvi.

Neno tope nililishikilia mwenyewe. Uwanja tunaochezea hauna nyasi upande wa kusini, na mvua zetu zinaanza Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei. Kijana wa chenga fupi fupi anayeng'ara kwenye bonanza la Septemba, vumbi jepesi, mpira unadunda vizuri, mlete mwezi wa pili uone. Mpira unakwama, yeye ameshapita peke yake. Ukiwa na timu ya Ilula au Makambako unajua ninachosema.

Kuangalia

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na ndipo nitakapokaa.

Msimjadili mtu mliyemwona mara moja. Kwetu jina haliingii kwenye ubao mpaka watu wawili tofauti wamemwona, kila mmoja kwa mechi yake. Na kati ya mechi hizo, moja iwe ambayo timu yake inafungwa. Mchezaji timu yake ikiongoza mabao matatu anakuwa mzuri, kila mtu anakuwa mzuri. Nataka kumwona dakika ya sabini, wapo nyuma mbili bila, kipa wao amewagombeza, jua linazama nyuma ya mlima. Je, bado anaomba mpira? Au anajificha nyuma ya beki wa wenzao ili asionekane?

Mimi si mtaalamu wa mpira. Kwa hiyo nilijitungia njia ya mwuza nafaka. Nikienda kumwangalia mtu navaa koti lenye mifuko miwili, wa kulia naweka maharage ya njano, kama ishirini hivi. Simwangalii mtu mwingine yeyote, wala mpira siufuati. Namwangalia yeye tu. Kila anapopoteza mpira nahamisha harage moja kutoka kulia kwenda kushoto. Kisha naangalia anafanya nini ndani ya hatua tano zinazofuata. Akigeuka akakimbilia kuurudisha, harage linarudi kulia. Akisimama, akashika kiuno, akainua mikono kumlalamikia mwamuzi, harage linabaki kushoto. Mwisho wa mechi nahesabu mfuko wa kushoto.

Yule winga mwepesi kama swala nilimhesabia Uyole, siku ya baridi kali ya Juni, watu wamejifunga mashuka mpaka puani. Alifunga bao moja zuri mno, hata mimi nilipiga kelele. Mfuko wa kushoto ulikuwa na maharage kumi na moja. Timu hiyohiyo ilikuwa na kijana mmoja mfupi, miguu imepinda kidogo, aliyekuwa anacheza katikati. Sikuwa nimemfuata yeye, lakini kipindi cha pili nikaanza kumhesabia kwa mfuko wa sketi. Mawili.

Nilipoyasema hayo kwenye kikao, kocha alinitazama kama mtu aliyeambiwa mchele unapimwa kwa filimbi. "Mama, mpira hauchezwi kwa maharage." Sikumjibu. Nilimwomba tu aende yeye mwenyewe Jumamosi inayofuata, akanunue maharage popote atakapo.

Wamarekani nao wana vipimo vyao. Kila mwaka kabla ya drafti wanawakusanya vijana Indianapolis, wanawakimbiza yadi 40, kama mita 36 na nusu, na saa inapima mpaka sehemu ya mia ya sekunde. Mpwa wangu alinionyesha mrusha mpira mmoja, Tom Brady, akikimbia hiyo mwaka 2000: sekunde 5.28, anakimbia kama mtu anayewahi kipanya cha mwisho cha Mbalizi akiwa na mzigo. Timu zote zikampita na kumpita tena, akachukuliwa wa 199. Alikuja kuchukua ubingwa mara saba. Saa haikukosea, alikuwa mzito kweli, ila kazi yake haikuwa kukimbia. Ndiyo maana nasema andika kazi kwanza.

Kikao chenyewe

Kila anayeleta jina aanze na udhaifu wa mtu wake. Sheria hii ilipingwa sana na sasa hakuna anayetaka iondolewe. Ukimsifia kijana, wenzako wanajipanga kukuumbua. Ukianza wewe kusema "mguu wa kushoto ni wa kupandia ngazi tu, hana", wanakusikiliza, kwa sababu wanaona umeangalia.

Kabla mtu hajafungua mdomo, kila mmoja aandike mpangilio wake kwenye karatasi, wa kwanza mpaka wa tano, aikunje, anipe. Nazisoma kwa sauti bila kutaja ni ya nani, ingawa miandiko tunaifahamu. Zamani mzee akishasema "mimi naona fulani", sisi wengine tulikuwa tunaona fulani. Nani ampinge mzee? Siku ya kwanza ya karatasi tuligundua kwamba watu sita kati ya tisa walikuwa hawamtaki mchezaji ambaye kwa mdomo tulikuwa tumempitisha wote. Na kocha azungumze mwisho. Akianza yeye, kikao kimekwisha.

Mwenye undugu na kijana aseme mapema, na karatasi yake tusiipokee kwa jina hilo. Mbeya hii kila mtu ni mjomba wa mtu. Hakuna aibu, sema tu.

Halafu yupo mzee wa historia. Kila kamati inaye. Wa kwetu, hoja ikimshinda, anarudi mwaka 1986, Tukuyu Stars walipopanda Ligi Kuu na kuchukua ubingwa msimu huohuo, vijana wa hukuhuku milimani. Akimaliza hiyo anahamia Mbeya City ya 2013/14, walivyopanda na kumaliza wa tatu, juu ya Simba. Vyote ni kweli na vyote vinatia moyo, lakini havituambii nani acheze kulia Jumapili. Tunampa dakika tano, tunampigia makofi, tunaendelea. Usimnyime hizo dakika tano, ataharibu kikao.

Aliye bora au unayemhitaji?

Ubishi huu hauishi, hata Marekani haujaisha. Zamu yako imefika, juu ya ubao kuna fundi ambaye nafasi yake unayo tayari, na chini yake kuna wa kawaida ambaye pengo lake linavuja kila wiki. Nani?

Kwa wenye fedha nasema chukua fundi, utamwuza au utauza aliyepo. Sisi hatuuzi mtu, sisi tunaagana na mtu. Kwa hiyo kwenye swali la kwanza, nani anaujua mpira, kubalianeni kwa haki hata kama hamtamchukua. Mwandikeni wa kwanza. Kisha swali la pili lipange upya majina yaleyale kwa kuangalia mapengo. Yule winga kwenye ubao wetu alikuwa wa kwanza swali la kwanza, na wa nne swali la pili. Kocha aliridhika kwa sababu mtu wake hakutukanwa.

Na mkiwa na mafundi wawili wa kazi moja, hapo ndipo pa kubishana kweli. Mwaka 1998 Wamarekani walikuwa na warusha mpira wawili, Peyton Manning na Ryan Leaf. Indianapolis ndio waliokuwa na zamu ya kwanza, na nchi nzima iligawanyika. Leaf alisifiwa mkono wenye nguvu, Manning alisifiwa utulivu na kusoma mchezo. Wakamchukua Manning, Leaf akaenda San Diego akiwa wa pili. Manning akatwaa ubingwa mara mbili, Leaf miaka michache tu akawa nje ya ligi. Kinachonivutia si nani aliyeshinda ubishi. Ni kwamba uwanjani walionekana karibu sawa, kilichowatenga kilikuwa maisha nje ya uwanja. Kwa hiyo na sisi tunauliza kwa mama wa kantini na kwa mwenye nyumba aliyempangisha. Kijana anayedaiwa kodi miezi minne na bumu, ile fedha ya mkopo wa chuo, limeshatoka, hilo ni harage la mfuko wa kushoto.

Mambo ya mwanafunzi

Swali la tatu, nani tutampata, ndilo langu. Hapa nina daftari.

Yupo mwaka wa ngapi? Wa mwaka wa mwisho atahitimu na kurudi kwao Bukoba, na wewe umeshamnunulia njumu. Field, yaani mafunzo ya vitendo, anafanyia wapi na lini? Tulishawahi kumsajili beki mzuri mwezi wa sita, mwezi wa saba akapangiwa field Mtwara, akarudi tumeshapoteza mechi nne. Hakuna aliyemwuliza. Kosa lilikuwa letu. Mitihani ya UE, ile ya mwisho wa muhula, ni wiki zipi, ana sup, yaani somo la kurudia mtihani? Mwenye sup usimpangie safari ya Chunya wiki ya marudio, hata akisema ataweza. Akidisco, yaani akiondolewa chuo kwa kufeli, mtalaumiwa ninyi, na mama yake atakuja mpaka sokoni kwangu.

Omba kitambulisho cha chuo, kisha kaulize kwa mwalimu wa michezo kama kweli ni wa hapo. Kwenye mechi za vyuo mamluki hawakosekani. Tulimfuatilia mshambuliaji wa chuo kimoja mwezi mzima, tukamwandika wa pili kwenye ubao, kumbe ni fundi wa bodaboda wa Mafiati aliyekodishwa jezi. Tungemchukua tu, kama si kwamba alikuwa ameshasajiliwa na timu nyingine ya ligi yetu. Na kijeba utamjua. Mwenye mtoto darasa la tano akikwambia ana miaka 20, angalia magoti yake akipanda ngazi.

Baada ya hapo pigeni simu kwa wa kwanza. Mpeni siku tatu, si wiki. Akisema anafikiria, mshukuruni, shukeni kwa wa pili. Ubao ndio unaowapa ujasiri wa kumshukuru.

Yule winga alikwenda Tunduma kama katibu alivyosema. Mfupi wa miguu iliyopinda alikuja kwetu kwa nauli ya kwenda na kurudi mazoezini na sahani ya wali maharage kila Jumamosi, na anacheza mbele ya mabeki mpaka leo. Kocha hakuwahi kukiri chochote, ila Jumamosi moja nilimwona upande wa pili wa uwanja, mikono mifukoni, anahamisha kitu.

Karatasi zote za kura ninazo, nimezibana na risiti za mchele. Kila Juni nazitoa tunasoma nani aliandika nini. Ya mwaka juzi, kipa tunayejivunia sasa, mwandiko wangu mwenyewe, nilimweka wa tano. Wa tano kati ya watano.